Mtoto Alilala Mvua ya Mawe Ikinyesha

Binti yangu alipokuwa na miezi mitano, usingizi wake wa mchana ulikuwa wa nusu saa, si zaidi. Nilikuwa namnyonyesha, nambembeleza mpaka mgongo unauma, namlaza polepole huku nimebana pumzi, halafu nakaa na rundo la vitabu vya wanafunzi. Kabla sijasahihisha hata vitano, analia. Aliamka na hasira, macho mekundu, usingizi bado umemjaa, na hakuna kitu kingemrudisha. Ikifika saa kumi sote wawili tulikuwa tunalia.

Tuliishi karibu na Kabianga, katika nyumba ya mabati juu ya shamba la chai la wakwe zangu. Mume wangu alifanya kazi mbali na alikuja mwisho wa mwezi. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa imeungana na likizo ya shule; shule zilipofunguliwa ikabidi nitafute mtu wa kukaa na mtoto.

Aliyekuja alikuwa mjane wa miaka sitini hivi. Alitoka upande wa ziwa akiwa msichana, akachuna majani kwenye mashamba makubwa mpaka magoti yakamkatalia. Aliishi na mwanawe kwenye nyumba za wafanyakazi, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita Mwalimu, ingawa angeweza kunizaa.

Wiki ya pili nilirudi jioni, akaniambia, "Leo amelala kutoka saa sita mpaka saa nane."

Nilicheka. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Nilipaswa kushukuru, lakini nilichohisi ni wivu. Mimi niliyemzaa nilipewa nusu saa, huyu mgeni akapewa masaa mawili.

Nikalitaja jambo hilo katika chumba cha walimu, kama mzaha. Mwenzangu mmoja akaweka kikombe chini.

"Masaa mawili? Chunga sana. Hao wanapea watoto dawa ya mafua ndio walale, wao wakae wakipiga stori."

Alisema "hao", na nilijua alimaanisha watu wa upande wa ziwa. Sikumkemea. Nilimshukuru.

Alhamisi moja somo langu la mwisho lilifutwa, nikaondoka mapema. Mvua ya mawe ilinikuta njiani, na nilipofika nyumbani mabati yalikuwa yakinguruma hivi kwamba hata mlango sikuusikia ukifunguka. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha mtoto. Alikuwa ametundika leso nzito dirishani, chumba kikawa giza. Mtoto amelala chali, mikono juu ya kichwa, mdomo wazi. Kelele zote zile, na hakutikisika.

Nilimwita. Nikamtikisa bega. Akafungua jicho moja, akalifunga tena.

"Umempa nini?" nilisema.

"Ati?" Hakunisikia kwa sababu ya mvua.

"Umempa nini mtoto wangu?"

"Nimempa ile maziwa yako uliacha."

"Mtoto halali namna hii!"

"Analala, Mwalimu. Ni vile tu hujawahi kumwona."

Maneno hayo yalinichoma kuliko tusi. Nilichukua kikapu chake pale mlangoni nikakimwaga juu ya meza. Sweta. Biblia ndogo iliyofungwa kwa mpira. Kipande cha sabuni. Viazi vitamu viwili vya kuchemsha, chakula chake, na sijui kwa nini alikuwa anajibebea chakula wakati jikoni kwangu kulikuwa na chakula. Na chupa ndogo ya kahawia isiyo na lebo.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya magoti."

Sikungoja maelezo. Nilimfunga mtoto kifuani, nikapiga simu bodaboda ije. Mvua ilikuwa imepungua. Nikamwambia aje zahanati nyuma yetu kama hana cha kuficha. Mimi nilipanda pikipiki. Yeye alitembea na magoti yale, kwenye barabara iliyojaa mawe ya barafu.

Mtoto aliamka tukiwa njiani. Tulipofika kwa daktari alikuwa anacheka na kuivuta kalamu yake. Daktari alimpima, akamwangalia macho, akasikiliza kifua. Kisha akafungua ile chupa, akanusa.

"Haya ni mafuta ya mkaratusi. Ya kuchua," alisema. "Mtoto yuko sawa kabisa. Alikuwa amelala tu."

Akaanza kuandika kwenye kitabu cha kliniki, na bila kuinua kichwa akauliza, "Na wewe mwenyewe umewahi kumpa dawa yoyote ya kumlaza?"

Wakati huo Mama alikuwa amefika mlangoni, sketi imelowa mpaka magotini.

"Hapana," nilisema.

Nilikuwa nimempa. Mara mbili, kabla Mama hajaanza kazi kwetu. Jumamosi moja nilikuwa na alama za mtihani za kuwasilisha, nikampa nusu kijiko cha dawa ya maji iliyobaki nilipougua mafua. Alilala masaa matatu. Kila dakika chache nilikuwa naweka kidole chini ya pua yake nione kama anapumua, halafu narudi kwa karatasi zangu. Baada ya hofu ile ungedhani nisingerudia. Wiki mbili baadaye nilirudia. Chupa ilikuwa bado kwenye kabati la jikoni, nyuma ya mkebe wa majani. Ndiyo maana nilijua vizuri kitu cha kutafuta kwenye kikapu cha mtu mwingine.

Pale zahanati Mama alichukua chupa yake mezani kwa daktari, akasema, "Nimechoka, Mwalimu. Wacha niende nyumbani." Kesho yake hakuja.

Nilimdanganya mkuu wa shule kwamba mtoto ni mgonjwa, nikakaa nyumbani. Usingizi ukarudi kuwa nusu saa. Siku ya nane nilimbeba mtoto nikatembea hadi kwenye zile nyumba za wafanyakazi. Mama alikuwa mlangoni akipukuchua maharagwe. Nilisimama mbele yake nikamwambia yote, hata habari ya dawa.

"Najua," alisema. "Niliiona siku ya kwanza nikitafuta majani ya chai, na kijiko cha mtoto kando yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenifukuza. Nikasema huyu mtoto nitamzoesha kulala, basi mama yake hatahitaji hiyo kitu."

Nililia. Hakunibembeleza. Aliponiona nimemaliza alimpokea mtoto, akamtazama usoni. "Ona, anavuta sikio. Anaangalia kando. Huyu amechoka. Mlaze sasa. Wewe hungoja mpaka alie, na hapo umeshachelewa."

Akamlaza kitandani mwake, akafunga dirisha. Nje watoto walikuwa wakicheza na redio ya jirani ikilia. Tukaketi. Baada ya nusu saa, kama kawaida, mtoto alijinyonganyonga na kuguna. Niliinuka. Mama akanivuta sketi, nikaketi tena.

"Hajaamka. Anatoka kwa usingizi moja akiingia kwa ingine. Hapo ndipo wewe humnyanyua, unamkatiza."

Aliweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, bila kukandamiza, akakiacha hapo, akivuma sauti moja ya chini. Mtoto aliguna mara mbili, akashusha pumzi, akalala saa nzima zaidi.

Nilimwomba arudi. Alikataa bila hasira.

"Nimekusamehe. Lakini siwezi kukaa kwa nyumba penye kikapu yangu ilimwagwa."

Dawa niliimwaga jioni ile. Mtoto alijifunza kulala. Ilichukua kama siku kumi za kuketi kwenye giza na kiganja changu kifuani pake, nikijizuia kumnyanyua. Hilo nililiweza. Lingine lilinishinda kwa muda mrefu. Mwenzangu aliponiuliza Mama ameenda wapi, nilisema tu kwamba aliacha kazi, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyetabiri. Nikamwacha aamini hivyo.

Muhula uliofuata mwalimu mwingine alijifungua, akawa anatafuta mtu. Jina la Mama likatajwa, na mwenzangu yule akasema, "La, huyo hulewesha watoto." Chumba kizima kilisikia. Nikasema hapana, aliyempa mtoto dawa ni mimi, na yule mama ndiye aliyemfundisha kulala bila hiyo dawa. Mtu mmoja akatoka kwenda darasani kabla ya kengele.

Mama aliajiriwa na yule mwalimu. Tunakutana Kiptere siku za soko, naye hunisalimu na kuuliza habari za mtoto. Namjibu nikitazama chini, mikono yake imeshika nini, ni kikapu au ndizi, popote pale isipokuwa usoni.