Maji Yanayochelewa Kusahau

Jumatatu, Julai. Ukungu ulishuka kutoka mlimani hadi Pasua, mtaa wetu wa Moshi, manyunyu kutwa. Ndivyo nilivyoandika siku nilipohamishwa kutoka kusukuma vitanda vya wodini nikapelekwa chumba cha sumaku, mashine mnayoiita MRI. Mimi ni wa darasa la saba; nikikosea, wataalamu wanisahihishe.

Kazi yangu ilikuwa kuwavua wagonjwa vyuma. Mama mmoja wa Machame aligoma kuvua rozari. Mkuu wa Kitengo cha Picha akamwambia, "Mama, sumaku hii haijui sala. Rozari itaruka ikaungame peke yake." Mama akacheka, akavua.

Mkuu alikuwa mkali, ila ukimuuliza alieleza. Alisema maji ya mwilini yana viini vidogo mno, kila kimoja kama kisumaku. Mashine huvipanga, mawimbi ya redio huvigutusha, vikazunguka pamoja kama kwaya kwenye mpigo mmoja. Halafu majirani huviingilia: kila kiini husukwasukwa na vilivyo karibu, mpigo ukapotea.

"Picha yote ni muda wa kusahau," alisema.

Kwenye nyama nzima maji husahau upesi, picha ikawa nyeusi. Penye uvimbe, mara nyingi, huchelewa, pakang'aa. Lakini alisisitiza, nami nisimpunje: majimaji ya kawaida ya ubongo nayo hung'aa, mahali pake.

Haya nilimsimulia mke wangu jikoni, akimenya ndizi. "Baba Aneth, leo umekuwa profesa," alinitania. Lakini alisikiliza.

Mwaka wangu wa mwisho kazini kichwa kilimsumbua mke wangu, jicho likafifia. Nilimvua pete mwenyewe, kwa sabuni, maana ilibana. Kisha nikasimama nyuma ya Mkuu. Angeweza kunifukuza, hakunifukuza. Picha ilipotokea aliikuza, akaikuza tena.

Mke wangu alipotoka aliniuliza, "Mmeona nini?"

"Daktari atasema."

"Sikuulizi ya daktari. Kuna kinachong'aa?"

"Kipo."

"Mahali pake?"

Pete yake ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Hapana, Mama Aneth. Si mahali pake."

Akaninyooshea kidole nimvishe.

Tulimzika kihambani, shamba letu la ukoo, Old Moshi, kati ya migomba, kabla sijastaafu. Mkuu aliniambia nilipaswa kumwachia daktari aseme, na alisema kweli. Ila hadi leo sijui ningemjibu nini mtu niliyemfundisha mwenyewe kuuliza.

Jioni ile ya picha binti yetu Aneth alipika kiburu, mseto wa ndizi na maharage. Tulikula wote. Mama yake aliomba aongezewe.