Karatasi ya Jumatatu

Mchoraji ramani wa jeshi hakuhitaji redio kujua vita vinakwendaje. Alitazama tu karatasi iliyowekwa mezani kwake. Kwa miaka mitatu alichora milima ya adui, na kila mwezi milima ilizidi kuwa mbali, maana yake sisi na washirika wetu tulikuwa tunashinda. Kisha akaanza kuchora mito ambayo jeshi lilikwisha kuivuka, safari hii likirudi. Redio iliita jambo hilo kujipanga upya.

Jumatatu mkuu wake alimletea karatasi mpya. Mchoraji akatambua kiwanda cha sabuni, shule ya wasichana na mtaa wake mwenyewe. Alikuwa amekula kiapo cha kutosema anachochora, na adhabu ya kusema ilikuwa risasi.

Nyumbani alimkuta mkewe akitandika kitanda cha wageni.

"Mwanao anatoka shamba Ijumaa, anakuletea mjukuu umwone."

"Mwambie asije."

"Kulikoni? Si redio imesema tunashinda?"

Mchoraji alitafuta sababu ambayo haikuwa siri ya serikali. "Nyumba ina kunguni."

Mkewe aliangusha shuka. "Kunguni? Nyumbani kwangu mimi? Basi aje kesho, mzee, aje na miwani, atafute!" Akavaa viatu, akaenda posta kupiga simu.

Binti alifika Jumanne jioni. Mchoraji alimpakata mjukuu, akayasifu mashavu yake, na asubuhi akarudi kazini, ambako zilikuwa zimebaki kuchorwa nyumba za upande wake wa barabara.