Kiti Kimoja Kwenye Lori

Siku moja kabla ya bunduki kufika kwetu, ugomvi wangu mkubwa duniani ulikuwa leso. Musyoka, mume wetu, alirudi kutoka soko la Matuu na leso mbili, moja yangu na moja ya Mwende, mke wake mdogo. Akaniambia nichague kwanza kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Badala ya kufurahi, nikashuku kwamba iliyo nzuri zaidi imeshafichwa mahali. Nilichukua ya kijani. Mwende akajifunga ile nyekundu juu ya tumbo lake la miezi saba, ikampendeza. Nilikaa nje nikipura kunde kwa hasira mpaka nyingine zikarukia kwa kuku.

Mimi ni mwanamke mwenye wivu, afadhali niseme mapema. Nilimzalia Musyoka binti mmoja, Mutheu, aliyeolewa mbali, na baada yake sikupata tena. Mwende aliletwa ajaze nyumba. Hakunitukana hata siku moja, na hilo ndilo lililonikera, maana asiyekutukana hakupi nafasi ya kumjibu.

Tuliishi pembeni kabisa mwa Yatta, mashamba yanapoishia na malisho yanapoanza. Ukame ulikuwa umeleta makundi ya mifugo kutoka mbali, na pamoja na mifugo zikaja bunduki. Shamba likaliwa, ng'ombe akakatwa panga, mchungaji akauawa. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena nani alianza.

Asubuhi iliyofuata nilisikia milio upande wa mto.

Nilidhani mtu anapigilia mabati.

Jirani yetu akapita mbio bila viatu, mkono umelowa damu.

Musyoka alikuwa zizini akifungua ng'ombe. "Chukua Mwende muende kwa ndugu yako huko Tala," aliniambia. "Mimi nitawafuata na hizi ng'ombe. Huyo mtoto ni wako pia, Mama Mutheu. Umbebe pole pole."

Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na hata hayo yalikuwa ya Mwende.

Matatu zilikuwa zimeacha kufika upande wetu, na barabarani kulikuwa na watu wenye silaha. Tulifuata njia za mbuzi. Mchana kutwa tulikwenda tukijificha vichakani kila tuliposikia sauti, na jioni tukatokea kwenye boma la wazee wawili tusiowajua. Mama wa pale hakutuuliza tunatoka wapi. Alitutazama miguu, akasema kwa huruma, "Asi, kaeni hapo," akaenda kuchochea moto.

Kwetu, wageni wakija zaidi ya mmoja, chakula huwekwa mbele ya aliye mkubwa, naye ndiye hugawa. Na kama kuna neno kuhusu wageni hao, huambiwa yeye. Basi yule mama aliniletea bakuli la isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka vizuri, na juu yake yai moja. "Hiyo yai ni ya mwenye mzigo," alisema. Godoro lilipoletwa nikakabidhiwa mimi, kwa ajili ya Mwende. Blanketi vilevile. Nilikuwa posta ya Mwende: kila kitu kilipita mikononi mwangu na hakuna kilichokuwa changu.

Lile yai nilimpa nusu.

Siku ya pili tulifika Matuu. Maduka yalikuwa yamefungwa, stendi haina gari hata moja. Watu walinong'ona kwamba wafanyabiashara Waislamu wa mjini ndio walioficha bunduki. Kwa hiyo mwanamke mwenye mtandio alipotuita kutoka kwenye geti lake, nilimshika Mwende mkono nikaharakisha.

"Mama," aliita tena, kwa Kikamba safi kuliko cha wifi zangu. "Huyo msichana hawezi kutembea hivyo. Ingieni."

"Watu wanasema ni nyinyi mmeleta bunduki," nikamwambia. Uchovu haujui adabu.

"Hata mimi nimesikia. Nimefunga duka siku tatu juu ya hayo maneno. Ingia, uji itapoa."

Jina lake Hawa. Mumewe alikuwa mchuuzi wa mbuzi, Msomali, na wote wawili walizaliwa hapohapo Matuu. Hakutakiwa kuwa na wageni siku zile. Geti lake lilikuwa na alama za mawe waliyotupiwa. Lakini alichota maji ya moto, akapiga magoti, akamwosha Mwende miguu kidole kwa kidole. Nilikaa kando na visigino vyangu vilivyopasuka. Ningependa kusema nilishukuru. Nilichofikiria ni kwamba tangu mama yangu afe, hakuna mtu aliyewahi kunishika miguu.

Kabla jua halijatua aliniita jikoni.

"Kesho asubuhi lori ya mzee wangu inaenda Tala na mbuzi. Huko mbele kuna kiti moja tu. Nimeambia dereva ni ya huyo msichana. Wewe utabaki hapa kwangu mpaka lori irudi. Nakuambia wewe juu ndiye mkubwa wake."

"Sawa," nikasema.

Kichwani nikamwona Mwende akishuka kwa ndugu yangu, akikalishwa kwenye kigoda cha mama yangu, akipewa uji mzito na watu wangu mwenyewe kabla sijafika. Nilikuwa nimegawa mume na nyumba. Nikaona nyumbani kwetu sigawi.

Asubuhi Hawa alikuwa ndani akiswali. Dereva aliwasha gari. Nikatoka nikamwambia msichana amekataa, harufu ya mbuzi inamtapisha.

Alingoja kidogo. Kisha akaondoka.

Nilimwamsha Mwende, tukatoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu ni aibu. Aliniuliza kama hatungoji chai. Nikamwambia jua litatukuta njiani.

Jua lilitukuta njiani. Tulikuwa tumepita Kithimani alipokaa chini.

"Mama Mutheu, nasikia maji."

Hayakuwa maji peke yake.

Nilipiga kelele. Watu wakatoka mashambani wakikimbiza mkokoteni, wakamlaza juu ya magunia, wakamkimbiza kwao. Wanawake ambao sikuwajua walivua leso zao kiunoni kumsitiri. Kwa mara ya kwanza safarini, sikuona wivu. Niliogopa tu.

Alizaliwa mvulana. Alipumua mpaka jioni.

Kwetu mtoto hapewi jina siku anayozaliwa. Husubiriwa siku chache. Huyu angeitwa jina la babu yake, baba mzazi wa Musyoka. Alizikwa bila jina kwenye shamba la watu, amefungwa leso nyekundu. Baada ya wiki moja habari zikatufikia Tala kwamba Musyoka aliuawa palepale zizini. Hakukuwa na mwingine wa kulibeba lile jina.

Sasa tunaishi Katelembo, mimi na Mwende. Tumekodi shamba, tunalima sukuma na mchicha. Alipata watu wa kumwoa, hakwenda. "Nani atakaa na wewe?" aliniuliza. Na miaka yote hii, chakula kikiiva, huweka sufuria mbele yangu na kunipa mwiko. "Gawa, Mama Mutheu."

Mwaka jana Hawa alikuja Katelembo na mumewe kutafuta mbuzi. Alitujua yeye kwanza. Alimkumbatia Mwende, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Dereva aliniambia ulikataa lori juu ya harufu ya mbuzi," alimwambia. "Nilisikia vibaya sana. Ningejua, ningemwambia azioshe."

Mwende aligeuka upande wangu. Alinitazama, si kwa muda mrefu.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa nasumbuliwa na harufu."

Wageni walipoondoka alipika. Nilikaa mahali pangu nikingoja mwiko. Haukuja. Siku hiyo aligawa mwenyewe, taratibu, akaniletea sahani. Ilikuwa imejaa kuliko yake, na juu yake kulikuwa na yai zima.

Nilililia lile yai. Na katikati ya kulia, bado nilimwonea wivu: kwamba moyo kama ule alipewa yeye, nami sikugawiwa hata nusu.