Hodi kwenye Lango la Suwon

Mama yangu kazaliwa Unguja, kazeekea Mabela, huku Maskati, na kwa miaka sasa jioni zake zote ni za tamthilia za Kikorea. Malkia akipita kwenye lango la ngome, nyumba nzima tunaamriwa kunyamaza. Hamu yake ilikuwa moja tu: apite na yeye, kwa miguu yake. Basi nikampeleka Suwon, huko huko Korea.

Lango lilikuwa kubwa kweli, mawe chini, paa la mbao juu, milango wazi. Watu wanapita na aiskrimu zao. Mama akasimama kizingitini, akatengeneza mtandio, akapaza sauti.

"Hodi!"

"Mama, hii ngome. Haina mwenyewe."

"Si ina mlango? Hodi!"

Watu wakageuka. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie. Nikaona niyamalize, nikamwambia, "Karibu." Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndo mwenye nyumba? Nnabisha mara ya tatu. Nisipoitikiwa, tunarudi."

Namjua. Angerudi kweli, safari yote ile bila kukanyaga ndani, kisha akalie Maskati. Nilimkasirikia, na papo hapo nikamwonea huruma.

"Hodi!"

Ndani, bibi mmoja wa Kikorea alikuwa amekaa kivulini akimenya chungwa. Akainua uso, akatupungia mkono, kiganja chini, kama tunavyoitana kwetu: njooni.

"Umeona?" Mama akasema, akavua viatu, akanikabidhi.

Ngome yenyewe sikuiona. Kila nikitaka kuzunguka ananivuta nguo. Mgeni hazururi vyumbani mwa watu. Tukakaa, tukala machungwa. Wakazungumza wao, kila mmoja kwa lugha yake, na hakuna aliyemkatiza mwenziwe. Wakati wa kuagana mama akamwelekeza njia ya kwetu, tangu uwanja wa ndege mpaka Mabela, kona kwa kona. Bibi wa watu akawa anaitikia kwa kichwa kila kona.

Tangu turudi, siku za mapumziko mama hatoki. Tukimwambia twende pwani ya Bustan tukapunge upepo, anakataa.

"Akija akakuta pamefungwa?"

Nimemcheka mpaka nimechoka. Ijumaa iliyopita kengele ya mlangoni ikalia, na mimi nikajikuta nakimbia, nimeshampita mama ukumbini.