Mama Mkojo na Mbuzi wa Fundi Cherehani

"Shangazi, kwani huoni haya watu wakikuita Mama Mkojo?"

Aliyeuliza ni binti wa kaka yake, wakati huo ana miaka saba na mapengo mawili. Shangazi, daktari wa mifugo, alikuwa anasugua buti zake bombani. Alicheka mpaka brashi ikamponyoka.

"Swali zito hilo, mama. Kua kwanza, nitakujibu."

Jina alilipatia kazini. Kliniki yake ni chumba kimoja nyuma ya soko: meza ya bati, kabati la dawa ambalo mlango haufungi mpaka upigwe teke, na rundo la maboksi yaliyokunjuliwa. Hayo maboksi ndiyo yaliyomponza. Akiletewa mbuzi au kondoo dume anayejikamua, hashiki sindano. Anatandaza boksi kavu, anamsimamisha mgonjwa juu yake, anashika magoti na kusubiri mkojo. Wapita njia wakichungulia dirishani wanamkuta kainama vile vile, kimya, kana kwamba mbuzi ana habari ya kumpa.

Hakuanza hivyo. Mwaka wake wa kwanza, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani, bibi mmoja alimletea kondoo. "Amefunga choo, Daktari," bibi akasema. Daktari akakubali, akamnywesha kondoo dawa ya kuharisha. Asubuhi yake kondoo ametulia, hajikamui tena. Daktari akafurahi, akapiga na mluzi. Kumbe kilichoziba ni mkojo, si choo, na kibofu kilikuwa kimepasuka, ndiyo maana maumivu yalipungua. Siku ya pili kondoo akafa. Maboksi yalianza hapo.

Sasa binti wa mapengo yuko sekondari. Mchana mmoja alipita kliniki kumpelekea shangazi yake miwani aliyoisahau nyumbani, na nyuma yake akaingia fundi cherehani, jasho linamtoka, anamvuta mbuzi wake. Mbuzi huyo hulala chini ya cherehani, na mtaa mzima unamwita Mheshimiwa.

"Mama Mkojo, niokoe! Mheshimiwa kafunga choo tangu jana. Nimempa hata mafuta ya kula, wapi!"

Shangazi akatazama sakafuni. "Na hizo ulizokanyaga ni nini, vifungo vya shati?"

Fundi akainua kiatu. Soli ilikuwa na mavi mabichi ya mbuzi.

Boksi likatandazwa. Mheshimiwa akatanua miguu, akatikisa mkia, akajikamua, akalia kwa uchungu. Boksi kavu.

"Tutamkodolea macho mpaka lini?" fundi akauliza.

"Mpaka aseme mwenyewe."

Likadondoka tone moja, lina damu. Shangazi akapapasa nywele za chini ya tumbo: zimeshika chembe kama mchanga. Akaweka kidole chini ya mkia, akausikia mrija wa mkojo unadundadunda. Akabonyeza tumbo taratibu. Kibofu kimejaa kama mpira, ila bado kizima.

"Ni mawe. Yameziba njia ya mkojo. Unamlisha nini huyu?"

"Nyasi."

"Fundi."

"Na pumba kidogo."

"Fundi!"

"Na chakula cha kuku! Akinitazama na yale macho, nifanyeje?"

"Ndiyo hayo mapenzi yako yaliyogeuka mawe. Na ukamhasi angali mchanga, mrija ukabaki mwembamba kama uzi wako. Haya, kaa chini, umpakate."

Alimchoma sindano ya kumtuliza. Mheshimiwa akakalishwa kitako mapajani mwa fundi, kama mtoto anayenyolewa. Kwenye ncha ya uume wa mbuzi kuna kijimrija kinachoning'inia, na mara nyingi jiwe hunasa humo. Lilikuwemo, jeupe, dogo kuliko punje ya mchele.

"Kukata ni kazi yako, fundi. Nikupe mkasi?"

"Mimi nakata kitenge tu!" Fundi akafumba macho.

Kacha. Kijimrija kikaondoka na jiwe lake. Wakamsimamisha Mheshimiwa kwenye boksi. Hakikutoka kitu. Shangazi akashika magoti. Utani ulikuwa umemwisha usoni, na binti akaona anavyouma mdomo.

Tone. Tone jingine. Halafu shwaaa, mkojo ukavuka boksi, ukaloanisha suruali ya fundi iliyotoka kupigwa pasi.

"Kojoa, baba! Kojoa!" fundi akapiga kelele, machozi yanamtoka. Muuza nyanya dirishani akashangilia bila kujua anashangilia nini.

"Usianze sherehe," Shangazi akasema, ingawa naye anacheka. "Huko juu huenda kuna mengine. Mlete kesho na keshokutwa. Nakupa dawa ya kuyeyusha mawe. Maji tele, majani, chumvi kidogo. Chakula cha kuku waachie kuku."

Fundi alipoondoka, akishukuru kwa kuita "Mama Mkojo" mpaka barabarani, Shangazi akaenda bombani kuosha buti. Binti akamfuata na brashi.

"Shangazi, uliniambia nikue kwanza. Nimekua."

Shangazi akasugua buti moja, akaimaliza, akaanza ya pili.

"Siku ile ya kondoo wa bibi," akasema, "wote walikuwa wananiita Daktari."