Kikombe Baada ya Bibi Mazoya

Juzi nilisimama sokoni Nzuguni kununua nyanya, na pembeni ya muuza nyanya alikaa mzee mmoja anayepima ugoro kwa kizibo cha soda. Upepo ukaniletea harufu yake: tumbaku iliyosagwa na magadi, kali, kama mkojo wa mbuzi uliokaukia kwenye mkeka. Mate yakanijaa mdomoni. Niliondoka bila nyanya. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wanne.

Niwaambie ilikoanzia, ingawa sijui kama nitaeleza sawasawa. Shule yangu iliishia darasa la saba.

Nilikulia Zuzu. Kanisa letu lilikuwa la matofali ya kuchoma, na wakati wa kiangazi nzi walisali pamoja nasi. Waliwapenda zaidi wazee wenye vikope, ule ugonjwa wa macho, na waliyempenda kuliko wote alikuwa Bibi Mazoya. Huyu hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa jirani yetu, mjane, akikaa peke yake kwenye nyumba ya tembe ng'ambo ya reli. Macho yalimtoka usaha. Mdomo wa chini ulivimba kwa ugoro kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na mate ya kahawia yalikuwa yamejichimbia njia yao hadi kidevuni. Niseme haki yake: Jumapili aliutema nje, akasukutua kwa maji ya kibuyu kabla ya kuingia. Nilimwona kwa macho yangu. Lakini meno yalibaki na rangi ileile, na harufu ile maji hayakuiweza.

Mama alikuwa akiniambia, "Kinyaa ni ugonjwa wa walioshiba." Sisi hatukuwa tumeshiba sana, na bado nilikuwa nacho.

Nilipata kipaimara nikiwa na miaka kumi na mitatu. Mchungaji alitufundisha miezi mingi kwamba meza ya Bwana ni moja na kikombe ni kimoja. Maswali yote niliyajibu. Jumapili yangu ya kwanza ya kushiriki nilipiga magoti mbele na gauni jeupe la kuazima, mama upande wa kushoto. Nikatazama kulia: Bibi Mazoya, ananitabasamia.

Alipokea kikombe kabla yangu, akakishika kwa mikono miwili, akanywa taratibu. Mchungaji akafuta ukingo kwa kitambaa, akakigeuza kidogo kama wafanyavyo. Kitambaa kilipata doa la kahawia. Ndani ya divai ilielea chembe. Leo nawaza labda ilikuwa ya mkate, maana mkate tulikuwa tumeshakula. Siku ile ningeapa ni ugoro. Divai ikanijaa mdomoni, vuguvugu. Nikabana midomo, nikainuka, nikapita mlango wa pembeni, nikaitema nyuma ya kanisa. Kisha nikatapika chai yote ya asubuhi juu yake.

Nilipoinua kichwa, Bibi Mazoya alikuwa amesimama pale. Alikuwa amenifuata.

"Mjukuu wangu, unatoka damu?"

"Hapana, bibi. Ni divai."

"Imekufanya nini?"

"Ugoro wako," nikasema. "Umo ndani."

Sikujua kwamba ukweli una namna yake ya kusemwa. Bibi alijishusha kwa shida hadi chini, akachota lile tope kwa viganja, divai na matapishi yangu pamoja, akalifukia chini ya ukuta mahali pasipokanyagwa na watu. Lilimchafua mpaka kwenye vifundo vya mikono. Mimi nilisimama tu nikimtazama, na badala ya kuona haya nikazidi kuona kinyaa.

"Nyamaza sasa," akaniambia. "Baba yako asisikie."

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na fimbo yake niliijua vizuri. Nikanyamaza.

Jumapili ya meza iliyofuata Bibi Mazoya hakuinuka na mstari wetu. Alingoja wanawake wakaisha, wanaume wakaisha, ndipo akaenda peke yake. Ikawa hivyo kila Jumapili ya meza.

"Bibi Mazoya siku hizi bibi harusi," mama alimtania nje ya kanisa, wanawake wenzake wakicheka. "Anataka kanisa zima limtazame!"

"Magoti, wanangu," alisema, akacheka nao. "Magoti yamezeeka."

Mimi nilifurahi, siwafichi. Baada yake alibaki mchungaji tu, ambaye alikunywa yote iliyosalia, akatia maji, akayazungusha, akanywa na yale maji. Sisi watoto tulisema mchungaji anaipenda divai mpaka anasuuza chombo.

Mwaka uliofuata bibi aliugua, akashindwa kutembea. Mchungaji alimpelekea meza nyumbani, na mama akanichukua twende. Ndani ya tembe mlikuwa na moshi, ugoro, na ile harufu ya mtu asiyeweza kutoka nje. Nilipumua kwa mdomo.

"Mbukwa, bibi," mama alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, wanangu."

Nami nikampa shikamoo kutoka mlangoni.

Mama alikunywa kwanza, kisha mgonjwa. Nilibaki mimi. Mchungaji alinyoosha mkono achukue kikombe anigeukie, lakini bibi hakukiachia.

"Mwache huyo, mchungaji. Tumbo lake halipokei divai. Aliniambia mwenyewe."

Mama alinishangaa. Mchungaji akaniuliza, "Ni kweli, binti?"

"Ndiyo," nikasema. "Tumbo."

Akamaliza yeye. Nilitoka nje mwepesi kama mtoto aliyesamehewa viboko. Bibi Mazoya hakufika mavuno.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama kichekesho cha bibi mchafu, na watu walicheka. Sasa siiwezi. Ile harufu bado inanifukuza sokoni, nisijifanye mtakatifu, ila nikikumbuka viganja vyake ndani ya matapishi yangu, mdomo ninaouchukia ni huu wangu.

Huenda najipa ukubwa. Huenda kweli yalikuwa magoti; alikuwa mzee, na mtoto mmoja ni nani hata abadilishe ibada ya mtu? Nimelipima hilo mara nyingi, nisimzushie wema wala nisijizushie ubaya. Lakini magoti hayakumtuma amdanganye mchungaji akiwa kitandani, kikombe kikiwa bado mikononi mwake. Alijua anakokwenda. Akakubali kubeba uongo njiani, ili mimi nisiaibike mbele ya mama yangu.

Nami nilipoulizwa, nilikuwa na nafasi ya kumtua. Nikasema tumbo.