Mkono Uliogoma Kusuka

Wandugu, mkono wangu wa kulia ulikuwa unakufa mchana kweupe, katikati ya rasta.

Si utani. Nasuka vizuri, mara bega linapanda, vidole vinakaza, kitana chini. Hapa Yeoville, mtaa wetu wa ugenini, msusi asiye na mkono hana kiti, na bosi alishanipa mpaka mwisho wa mwezi.

Nilijua anayeniroga ni Mamie, msusi wa kiti cha jirani. Nani mwingine? Wateja wangu walikuwa wanahamia kwake. Nikaombewa hadi mchungaji sauti ikamkauka. Wapi.

Ndipo akaingia dada mmoja Mkenya, kajifunga shuka la kahawia, anataka kunyolewa upara.

Kwetu Butembo, Kongo, mwanamke akinyoa hivyo amefiwa. Nikampa pole, machozi yakanilengalenga.

Akatabasamu. "Sijafiwa, dada. Mimi mtawa wa Kibudha. Sisi tunanyoa tu."

Eish. Nikaanza kunyoa kwa aibu. Nusu ya kichwa, mkono ukafa. Nikamnong'oneza yote, na uchawi wa Mamie humohumo.

Hakubisha. Akaonyesha kichwa cha mteja wa pili. "Ile rasta ni nywele zake au ni meshi ya bandia?"

"Vyote."

"Ukivuta meshi?"

"Kichwa kitauma."

"Akili na mwili ndivyo vilivyo. Si kitu kimoja, na havitengani. Mkono ukikaza, usiukemee. Tazama akili ilikuwa wapi kabla."

Mamie ndiye aliyemalizia kunyoa.

Sikutulia tena. Nilimvizia Mamie. Akicheka, mkono mzima. Akipita nyuma yangu, mzima.

Siku moja simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Bega likapanda kabla sijaitazama.

Namba ngeni, ya Kongo. Namba kama hiyo ndiyo iliyoniambia kaka yangu Firmin ameuawa. Tangu hapo nilikuwa sipokei. Simu ya mama ilikuwa haipatikani tangu vita visogee, na sikutaka mtu aniambie na yeye amekufa.

Mamie akaniona. Akanishika bega lilelile. "Pokea, yaya Masika, dada yangu. Niko hapa."

Nikapokea.

"Masika?" Mama mwenyewe, kwa simu ya kuazima. "Tangu Pasaka ninakupigia. Nilizani ulikufaka."

Nililia hadi wateja wakatoka nje. Kisha nikakaa kitini, nikamwomba Mamie aninyoe. Nilikuwa sijamlilia Firmin.

Sijawa Mbudha, Jumapili nipo kanisani. Mkono bado unashtuka simu ikilia, ila napokea.

Mwili wako ukigoma, kabla hujamtafuta mchawi, iulize akili inamkimbia nani. Yangu ilikuwa inamkimbia mama.